Goti Lililolika

Ndugu mwanakisomo, somo hili lilianza kwa karatasi moja ndogo ya tangazo.

Katika darasa letu, lililo katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, yupo mama wa miaka 52. Hapa tutamwita Mama Asha, ingawa hilo si jina lake. Mama Asha hulima maharage na kabichi katika shamba la mteremko, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani kwake. Siku ya gulio hushuka na mzigo kichwani. Goti lake la kulia lilianza kumsumbua miaka miwili kabla ya habari hizi. Kupanda mlima alikuwa akiweza. Kushuka ndiko kulikomtoa machozi.

Aliponieleza jambo hilo, mimi mwalimu wake nilimshauri apumzike. Nilimwambia, "Mama, goti limechoka. Kaa nyumbani, lipoe." Alinitii. Alikaa msimu mzima wa palizi, akawaachia watoto kazi. Aliporudi shambani, goti lilikuwa baya kuliko mwanzo, na mguu ulikuwa hauna nguvu. Nilimshauri vibaya. Sababu yake mtaiona mbele.

Kisha siku moja gulioni akapewa karatasi. Alikuja nayo darasani, akaisoma mwenyewe kwa sauti mbele ya wenzake. Ilisema kwamba huko mjini zipo sindano tano za kuotesha gegedu la goti upya, na malipo yote hutolewa kabla. Mama Asha alikuwa amekwisha piga hesabu. Angeuza mtamba wake, naye alikuwa na mmoja tu. Kwetu alitaka msaada wa neno moja. Aliuliza, "Gegedu ni nini?"

Sikuweza kumjibu vizuri. Kwa hiyo tulimwomba tabibu wa zahanati yetu aje darasani. Yafuatayo ni mafunzo yake, pamoja na mambo niliyoyasoma baadaye.

GEGEDU NA KAZI YAKE

Ukila paja la kuku, tazama ncha ya mfupa. Utaona kitu cheupe, kigumu kidogo, kinachong'aa na kuteleza. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la mtu, mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana. Ncha za mifupa yote miwili zimefunikwa kwa gegedu, na pia ya goti nayo imefunikwa kwa ndani. Katikati umo ute. Gegedu na ute huifanya mifupa iteleze bila kusagana.

Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika ule ute. Ukikanyaga, gegedu hubanwa na ute hutoka. Ukiinua mguu, huachiwa na kuunyonya ute tena, kama kitambaa kilicholowa kinavyokamuliwa na kuchovywa majini. Mguu usiotembea haulishi gegedu lake. Zaidi ya hayo, msuli wa mbele wa paja husinyaa upesi usipotumika, na msuli huo ndio unaolishika goti lisiyumbe. Sasa mnaona kwa nini shauri langu la kupumzika msimu mzima lilimdhuru Mama Asha.

Kwa kuwa halina mishipa ya damu, gegedu likilika kwa miaka mingi halioti tena kama ngozi inavyoota penye kidonda. Mifupa iliyo chini yake hupata mzigo mkubwa, utando wa kiungo huvimba, na ndipo maumivu yanapoanza.

Wengi kijijini husema, "Hiyo ni baridi." Baridi ya milimani hailili gegedu. Hulika kwa umri, kwa uzito wa mwili, kwa goti lililowahi kuumia zamani mpirani au kwa kuanguka, kwa matege, na kwa kazi ya kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito miaka mingi. Wakulima wamo katika kundi hilo. Katika baadhi ya koo ugonjwa huu huwapata watu wengi zaidi.

SI KILA GOTI LINALOUMA LIMELIKA

Tabibu alimwamkia Mama Asha, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Asubuhi ukiamka, goti hukaza kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Nikienda kuchota maji ya kunawa na kurudi, limekwisha legea."

Jibu hilo lilimsaidia. Goti lililolika hukaza asubuhi kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa, na huuma zaidi kwa kazi. Viungo vikikaza kwa saa nzima au zaidi kila asubuhi, hasa vidole vya mikono yote miwili, huo huenda ni ugonjwa mwingine, nao una dawa zake.

Goti likiwa jekundu, la moto, limevimba, na mtu ana homa, asingoje hata siku moja. Huenda usaha umeingia kwenye kiungo. Aende hospitali. Vivyo hivyo mtu aliyeanguka akashindwa kukanyaga, mtu ambaye goti lake limekwama halinyooki, na mtoto anayechechemea.

Picha ya eksirei husaidia, lakini isikutishe. Wapo watu ambao picha zao huonyesha goti lililolika sana, nao hupanda mlima kila siku. Wapo wengine wenye picha nzuri na maumivu makali. Tabibu hutibu mtu, hatibu picha.

DAWA YA KWANZA NI MSULI

Tabibu alichukua kamba ya katani, akaipima kwenye paja la kushoto la Mama Asha, shibiri moja juu ya goti, akafunga fundo. Kisha akaipima kwenye paja la kulia mahali pale pale. Fundo lilipitiliza kwa upana wa vidole viwili. Darasa zima liliona.

"Mwanangu," alisema Mama Asha, "mimi nashika jembe tangu alfajiri. Mazoezi ya nini tena?"

"Mama, jembe linachosha mwili wote, lakini mguu unaouma unaukwepa bila kujua. Unaegemea ule mzima. Ndiyo maana kamba imesema hivi."

Akamfundisha mazoezi manne.

La kwanza, keti mkekani, nyoosha mguu. Kunja kanga, iweke chini ya goti. Igandamize kanga kwa goti mpaka msuli wa paja ukaze. Hesabu mpaka 5, achia. Fanya mara 10.

La pili, lala chali, kunja goti zima. Mguu mbovu unyooshe, uinue kiasi cha shibiri moja kutoka mkekani. Hesabu mpaka 5, shusha polepole. Fanya mara 10.

La tatu ndilo lenye faida kubwa kwa mkulima. Keti kwenye kiti au benchi. Simama bila kushika kitu, kisha keti polepole kama mtu aliyebeba mayai. Mwanzo tumia kiti kirefu, kwa maana kigoda kifupi hulitesa goti. Mara 10, pumzika, rudia tena.

La nne, simama mbele ya kizingiti au ngazi moja fupi. Panda kwa mguu mbovu, shuka polepole. Ukiwa dhaifu, shika mhimili wa mlango.

Mazoezi haya hufanywa siku 3 kwa wiki. Siku nyingine tembea mahali pa tambarare. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayadhuru. Kipimo ni kesho yake asubuhi. Goti likiuma zaidi ya jana, punguza idadi, lakini usiache. Faida huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Hapa wengi hushindwa, kwa sababu sindano huahidi kesho na mazoezi huahidi miezi mitatu.

Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya wagonjwa 156 waliotibiwa katika hospitali za jeshi la Marekani. Nusu walichomwa sindano ya steroidi kwenye goti, na nusu wakafanyishwa mazoezi na mtaalamu wa viungo. Baada ya mwaka mmoja, wale wa mazoezi walikuwa na maumivu kidogo na uwezo zaidi kuliko wale wa sindano.

HESABU YA MZIGO

Mtu akitembea, goti halibebi uzito wake tu. Kwa kila hatua hubeba kiasi cha mara 2 hadi 3 ya uzito huo, kwa sababu misuli nayo hulivuta. Tuchukue mara 3. Mtu wa kilo 70:

70 × 3 = 210

Sasa ajitwishe ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20:

90 × 3 = 270

Hii ni hesabu ya makisio, lakini inatuonyesha jambo. Kilo 20 za kichwani zimekuwa kilo 60 gotini, na hiyo ni hatua moja tu. Katika kushuka mteremko huwa zaidi.

Kwa mtu mnene, utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Mama Asha si mnene. Tabibu alimwambia wazi asijinyime chakula, maana shauri hilo halimhusu. Kwake yeye, uzito wa kupunguza ulikuwa ule wa kichwani. Sasa kabichi hushushwa kwa bodaboda mpaka gulioni, na maji huchotwa kwa ndoo ya lita 10. Wanawe walinung'unika kwa sababu ya nauli ya pikipiki. Aliwasomea hesabu hiyo hapo juu.

Fimbo nayo ina kanuni yake, na wazee wengi huikosea. Goti la kulia likiuma, fimbo ishikwe mkono wa kushoto. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, mguu mbovu utangulie pamoja na fimbo. Katika mteremko mkali usishuke moja kwa moja. Pita kwa mshazari, huku na huku.

Jembe la mpini mrefu, kiti cha kukalia wakati wa kupepeta maharage, na kiti chenye tundu juu ya choo cha shimo, vyote hivi huliokoa goti na kuchuchumaa. Nyakati za ibada, mgonjwa Mwislamu ameruhusiwa kuswali akiwa amekaa kitini. Mkristo naye anaweza kusali bila kupiga magoti. Tunayasema haya kwa sababu wazee wengine huona haya kuuliza.

DAWA ZA MAUMIVU

Dawa ya kupaka yenye diklofenaki, ikipakwa gotini, hutuliza maumivu ya goti lililolika, na kiasi kidogo tu huingia katika damu. Ni vema kuanza na hiyo. Paracetamol ni dhaifu kwa ugonjwa huu. Anayeitumia asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, usiku na mchana, kwani ikizidi huharibu ini.

Vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki vina nguvu zaidi, lakini vina hatari. Huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu asivimeze bila kumwona tabibu, wala mama mjamzito. Vidonge hivyo viwili ni ndugu wa ukoo mmoja. Kumeza vyote pamoja hakuongezi nafuu, huongeza madhara. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona wanakisomo wakinunua vidonge kwa rangi yake. Soma jina lililo kwenye karatasi ya dawa. Kusoma tunajua sasa.

Unga usio na jina, unaouzwa minadani kwa kuponya viungo mara moja, ni wa kuogopwa. Katika nchi mbalimbali unga wa namna hiyo umepimwa na kukutwa umechanganywa kwa siri na steroidi au diklofenaki. Mgonjwa hupata nafuu ya haraka, kumbe anameza dawa asiyoijua na kwa kipimo asichokijua.

Vidonge vya glukosamini huuzwa mijini kwa bei kubwa. Mwaka 2006 huko Marekani vilijaribiwa kwa watu zaidi ya 1,500 wenye maumivu ya goti. Kwa jumla havikuwashinda wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

SINDANO

Sasa turudi kwenye karatasi ya Mama Asha.

Iko sindano ya steroidi. Huchomwa ndani ya goti na daktari, tena kwa usafi mkubwa. Hupunguza maumivu kwa wiki chache, na wakati mwingine hufaa, kwa mfano goti likiwa limevimba sana. Haioteshi gegedu. Mwaka 2017 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 140. Wengine walichomwa steroidi kila miezi 3 kwa miaka 2, wengine walichomwa maji ya chumvi tu. Mwishoni maumivu yao yalikuwa sawasawa, lakini gegedu la waliochomwa steroidi lilikuwa limepungua zaidi.

Iko nyingine inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu huzungushwa kwa mashine, sehemu yake moja ikachukuliwa na kuchomwa gotini. Mwaka 2021 ilijaribiwa Australia kwa watu 288. Baada ya mwaka mmoja haikuonyesha tofauti na maji ya chumvi, kwa maumivu wala kwa gegedu.

Mama Asha aliuliza, "Basi hizi tano za mjini ni zipi?"

Tabibu aliigeuza karatasi pande zote mbili. Jina la dawa halikuwamo. "Mama, siwezi kukwambia ni nini, kwa sababu wao wenyewe hawakusema. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mpaka leo haijathibitishwa sindano yoyote inayorudisha gegedu lililolika kwa miaka."

UPASUAJI

Kwa miaka mingi madaktari waliingiza mrija mwembamba wenye kamera ndani ya goti lililolika, wakalisafisha na kulisawazisha. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu. Kisha huko Houston, Marekani, daktari mmoja na wenzake wakafanya jaribio lililowashangaza wengi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2002. Wagonjwa 180 walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu. Walijua tangu mwanzo kwamba baadhi yao watachanjwa ngozi tu, bila goti kuguswa ndani. Walifuatwa kwa miaka 2. Waliosafishwa goti hawakupata nafuu zaidi ya waliochanjwa ngozi. Wanakisomo walipoisikia habari hii, darasa halikutulia kwa muda. Mzee mmoja alisema ni uongo, na nadhani mpaka leo hajaniamini.

Hata hivyo, upasuaji mwingine una kazi yake. Mtu wa umri wa kati, mwenye matege, ambaye goti lake limelika upande mmoja tu, huweza kukatwa na kunyooshwa mfupa wa muundi ili uzito uhamie upande mzima. Mtu huyo huweza kurudi katika kazi nzito.

Goti likiwa limekwisha kabisa, hubadilishwa. Ncha za mifupa hukatwa na kuwekwa chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu. Hapa Tanzania upasuaji huu hufanyika katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika magoti 10 ya bandia, 8 hivi hudumu miaka 25. Hatari zipo: vijidudu kuingia kwenye goti, au damu kuganda katika mishipa ya mguu. Baada ya upasuaji mazoezi ni lazima, na kuchuchumaa kama zamani huwa vigumu.

Kaka yake Mama Asha, mzee wa miaka 68, ndiye aliyefikia hatua hiyo. Mguu wake ulikuwa umepinda. Alikuwa halali usiku, na mwendo wake wote ulikuwa kutoka kitandani mpaka chooni. Mazoezi aliyajaribu miezi mitano bila nafuu. Hospitali ya mkoa ilimpa barua ya kwenda Dar es Salaam, akabadilishwa goti. Ndugu walichanga. Yule mtamba aliuzwa wakati huo, kwa shauri la Mama Asha mwenyewe. Mzee sasa huja kutusikiliza darasani, akitembea kwa fimbo. Huishika mkono ulio sawa.

Goti la Mama Asha halijapona. Bado hukaza asubuhi, na siku ya mvua nyingi hushuka mlima taratibu. Lakini baada ya miezi mitatu tuliileta tena ile kamba. Fundo lilipitiliza kwa upana wa nusu kidole. Msimu uliofuata alipalilia shamba lake mwenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini mguu unaopumzishwa muda mrefu huwa dhaifu zaidi?

2. Mtu wa kilo 60 amejitwisha kabichi za kilo 25. Kwa kipimo cha mara 3, goti lake hubeba kilo ngapi kwa kila hatua? Akibeba nusu ya kabichi hizo, je?

3. Goti la kushoto linauma. Fimbo ishikwe mkono gani? Simama uonyeshe mbele ya darasa.

4. Leteni darasani karatasi za dawa mlizo nazo nyumbani. Someni majina. Zipi ni za ukoo mmoja?

5. Jirani yako ana miaka 60, goti lina joto na limevimba, naye ana homa tangu jana. Anataka kuanza mazoezi ya kanga. Utamwambia nini?

6. Je, Mama Asha alifanya vema kumuuza mtamba kwa ajili ya kaka yake? Jadilianeni.